Vidonda Viwili Kooni

Mdogo wangu alipoanza kusukumia mkate kwa maji, nilimfokea. "Acha kudeka! Tafuna kama watu!" Siku ya nne hata uji ulimkwama. Akashika kifua, machozi yakamtoka, na ukali wote ukaniisha. Mama yetu alianza hivyo hivyo, na saratani ya koo ilimmaliza kwa miezi mitano.

Neno lenyewe hatukulitaja. Mume wa mdogo wangu alilizungukazunguka: "Shemeji, isije ikawa ile ya mama..." Nikamwambia afunge bakuli lake.

Hospitali wakampitishia kooni mpira wenye kamera. Mimi nje, kwenye benchi, natafuna kucha. Huyu nimemlea tangu ana miaka tisa. Sasa nimzike mimi?

Tukaitwa. Daktari, mama mmoja asiye na haraka hata kidogo, akavua miwani kwanza.

"Hakuna uvimbe. Si saratani."

Nililia kwa sauti, sikujali.

"Ila kuna vidonda viwili, kama vya kuungua. Unatumia dawa gani?"

"Vidonge vya chunusi tu," akajibu mdogo wangu.

"Unavimezaje?"

"Kwa mate. Nameza kimoja, naendelea kushona."

"Bila maji? Basi kinakwama njiani, kinayeyukia hapo hapo na kukuunguza. Acha vidonge hivyo, nitakupa dawa ya kutuliza. Wiki chache utapona."

Nikacheka kwa furaha. "Mwanamke mzima, kumeza kidonge hujui! Ama kweli!"

Yeye hakucheka.

"Kwa nini hunywi maji?" daktari akamuuliza.

"Nikinywa nitataka chooni."

"Si uende?"

Akatazama viatu vyake. Kicheko kikanikauka mdomoni. Tunafanya kazi kiwanda kimoja cha mashati. Yeye anashona kola, na msimamizi wa chumba chake ni mimi. Wenzake wanakwenda chooni mara tatu kwa zamu. Yeye nilimwekea mara moja, watu wasije wakasema nampendelea ndugu yangu. Na nilijisifu kwa hilo!

"Msimamizi wetu ni mkali kidogo," alisema taratibu, akinikwepa kwa macho.

Daktari akapandwa na hasira. "Mkali gani huyo? Hana roho? Ni nani?"

Mdogo wangu asingenitaja hata kesho.

"Ni mimi, daktari," nikasema. "Dada yake."