Miwani ya Tonton

Nilipofika Kisangani, uhuru ukiwa bado mchanga, nilidhani mji mzima una maradhi ya macho. Kila mwanamume wa ofisini alivaa miwani, hata vijana wasio na mvi moja. Kwetu Kigoma miwani ilikuwa ya vikongwe.

Nilikuwa nimekuja kumsaidia mama mdogo kushona. Mumewe, niliyemwita tonton kama wanavyowaita baba wadogo kule, alikuwa karani, na miwani yake haikumtoka usoni. Nikamhurumia. Njiani nilimshika mkono tupite madimbwi. Mezani nilimtolea miba ya samaki. Siku moja mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye! Papa ule anaona kupita paka. Ile iko vioo tu!"

Nikaijaribu. Dunia haikubadilika hata kidogo.

"Karani bila lunettes, nani atamupatia heshima?" tonton akaniuliza, bila haya.

Upuuzi mtupu! Miwani ya bure, kalamu zisizo na wino mfukoni, tai shingoni katika joto lile. Sikutulia kabisa; sanduku langu lilikaa limefungwa nusu, nikiwaza Kigoma kila asubuhi. Niliyemstahi ni jirani yetu mwalimu. Miwani yake ilikuwa na vioo vinene kama kitako cha chupa, na bila hiyo aliweza kuisalimia nguzo.

Kisha waasi wakaingia, na heshima ikageuka mashtaka. Wenye miwani na kalamu, walisema, ndio walioila nchi. Waliochukuliwa hawakurudi. Tonton akaitupa yake chooni. Mwalimu hakuweza kuitupa. Aliivua, akaificha nyumbani chini ya godoro.

Tulijifungia hadi chakula kikaisha. Mama mdogo alikuwa na homa, kwa hiyo tulitoka mimi, tonton na mwalimu kutafuta muhogo ng'ambo ya mto Tshopo. Mwalimu alinishika bega. Kabla ya daraja tukakuta kizuizi cha waasi.

Kijana mwenye mkuki alimwinua tonton kidevu, akaona vijishimo viwili kwenye pua.

"Weye iko mutu wa lunettes."

"Hapana, chef. Miye iko fundi wa nguo."

Hasira zilinipanda kuliko hofu. Nilikuwa nimechomeka sindano kwenye pindo la kitenge, kama siku zote. Nikaichomoa, nikampa tonton pamoja na uzi.

"Asiyeona atatunga uzi?" nikamwambia yule kijana. "Mwache atunge, uone mwenyewe."

Tonton akatunga mara moja. Wale vijana wakaangua kicheko, mmoja akampiga begani.

"Bon. Pita, fundi."

Nikanyoosha mkono nirudishiwe sindano yangu. Yule wa mkuki hakunipa. Mchezo ulikuwa umemnogea. Akauchomoa uzi, akamgeukia mwalimu, akamwekea sindano na uzi kiganjani.

"Na weye. Tunga."

Nikafungua kinywa niseme huyu ni baba yangu, ni mgonjwa, lolote lile. Mkuki ukanisukuma kifuani. Tonton alikuwa ameshanishika mkono, ananivuta kwa nguvu. Mwalimu aligeuza uso kutafuta nilipo, akatazama upande ambao sikuwepo. Kisha akalamba ncha ya uzi, akaanza kulipapasa tundu kwa kidole.

Daraja tulilivuka wawili.