Pile Mpya Katika Chumba cha Radiographie

Siku yangu ya kwanza kazini, chef wa atelier ya kutengeneza kompyuta hakunipa tournevis ya kufungulia skrubu. Alinipa brosi ya kupakia rangi na ordinateur iliyojaa vumbi jekundu la Bunia, akaniambia: "Mama Kavira, safisha kwanza. Hapa kwetu vumbi njo virusi ya kwanza." Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka shule na diplome yangu, nataka kuandika programu, na huyu ananipa brosi! Lakini nilisafisha, na ndani ya vumbi lile nikajifunza jina la kila kipande.

Ninyi mnaoanza leo, BIOS ni programu ndogo inayokaa kwenye ubao wa mashine. Inaamka kabla ya kitu kingine chochote na kuiambia mashine diski iko wapi na isomwe namna gani. Mipango hiyo inalindwa na pile, ile betri ya duara. Kwa kuwa courant yetu ya umeme ilikuja na kuondoka ilivyotaka, watu wengi mjini walishika dawa moja: mashine ikigoma, toa pile, ngoja kidogo, rudisha. Mara nyingi ilipona, basi kila mtu akajiona daktari. Mimi dawa hiyo niliiogopa, maana pile ikitoka, mashine inasahau mipango yake yote.

Kutoka atelier nilipelekwa sekondari moja ya Shari, chini ya préfet, mkuu wa shule, aliyelala na ufunguo wa chumba cha informatique mfukoni. Kisha nikaingia hospitali, chini ya Administrateur gestionnaire, msimamizi wa fedha na mali. Tulimwita AG. Mvi zangu nilizipata huko.

Asubuhi moja Kakule, fundi wa radiographie, yaani picha za eksirei, alichoka kuona ordinateur yake ya picha ikikosea tarehe, akaibadilishia pile mwenyewe. Mashine ikakataa kuanza, akaniita. Wakati huohuo wakaleta mwanamke muuza samaki wa Kasenyi. Pikipiki aliyopanda ilikuwa imegonga lori la vyuma vya ujenzi karibu na Iga Barrière, na kipande cha chuma kilikuwa kimemwingia kifuani.

Daktari alinikuta mlangoni. "Siwezi kufungua hii kifua bila kuona chuma imefika wapi. Unipatie picha, mama."

Kwenye kioo maandishi yalisema hakuna diski ya kuanzia. Niliingia BIOS. Mashine ilikuwa inatafuta CD kwanza, kisha réseau, yaani mtandao. Diski haikuwemo kabisa katika mpango. Nikairudisha juu, nikawasha upya. Alama ya Windows ikatokea, Kakule akapiga makofi. Mara kioo kikawa buluu, mashine ikazimika na kuanza tena. Ikarudia vilevile.

AG aliingia, jasho likimtoka. "Fanya formatage, futa yote, tumalize!"

"Hapana, AG. Programu ya picha ililetwa na ingénieur wa Kampala, akarudi na CD yake. Tukifuta, siye hatuna ingine."

"Na huyu mama akifia hapa?"

Kutoka ukumbini nilimsikia mume wake akisali kwa sauti.

Nikajilazimisha kufikiri. Diski inaonekana, Windows inaanza, halafu inaanguka. Basi diski ni nzima, ila BIOS imebadilisha namna ya kuisoma. Mashine ilikuwa imejiweka kwenye AHCI, namna ya kisasa. Zilibaki mbili: IDE ya zamani, na RAID, inayounganisha diski kadhaa. Hiyo ya mwisho, ukikosea kukubali swali lake, inaweza kufuta kila kitu.

"Kakule, fungua sanduku."

"Tena? Mama, miye naogopa."

"Fungua!"

Ndani mlikuwa na diski moja tu. Moja haiunganishwi na kitu. Nikachagua IDE, nikahifadhi, nikashika kiti kwa mikono miwili. Alama ikatokea. Ikakaa. Nilisubiri ile buluu nikiwa nimefumba macho, hadi Kakule aliposema kwa sauti ndogo: "Mama, iko inauliza mot de passe." Neno la siri! Mashine ilikuwa imepona.

Daktari hakunishukuru, alipita mbio na machela ya yule mwanamke kwenda kupiga picha. Mimi nilikaa chini sakafuni, nikalia.

Sasa niko retraite, nimestaafu. Vijana wanaleta laptop zao nyumbani, na ninawaambia wapige picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kugusa pile. Wananicheka, sawa tu. Jumamosi ninakwenda sokoni kwa mwanamke mmoja wa Kasenyi, mwenye kovu linalochungulia kwenye shingo ya blauzi yake. Hanijui. Anauza ghali kuliko wenzake wote, na nikiomba apunguze ananifokea: "Mama, weye kila siku njo unasumbuaka! Acha samaki yangu!" Ninamwacha afoke mpaka amalize. Sauti ile ninaipenda mno.