Mpanga Viti Katika Chumba Kipya

Mpanga viti wa vijana wa kanisa hupima nafasi kwa goti lake, na kila kiti akishakiweka hukipapasa mgongoni kana kwamba kina mtu. Kundi lao la waumini wanaoishi ugenini lilipohamia chumba kidogo, viti sita vilikosa pa kukaa.

"Viache nje, kaka," vijana wenzake wakamwambia. Akatikisa kichwa. Aliwajua wanaochelewa kutoka kazini: wakikuta pamejaa, hugeuka kimyakimya na hawarudi tena. Akazunguka, akapima upya, kisha akaikumbatia mimbari na kuitoa koridoni.

"Heh! Na mimi nihubirie wapi?" mchungaji akauliza.

"Kaa nasi tu, baba. Humu hata ukinong'ona tutakusikia."

Mchungaji akacheka, akaenda kumsaidia kuingiza vile sita.