Pumzi ya Dada

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na moja. Nasema hili mapema kwa sababu siku aliponisindikiza hospitali Kilosa, muuguzi aliyekuwa mlangoni aliniamkia mimi kwanza. "Shikamoo, mama," akaniambia, kisha akamgeukia dada: "Habari za safari, dada?" Dada akacheka, akasema yeye ndiye mkubwa. Muuguzi akaona haya, akamwamkia na yeye. Mimi niliitikia marahaba nikakaa kwenye benchi, na hadi tunaitwa ndani sikumsemesha dada neno.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili.

Wazazi wetu walifika Kimamba kama manamba, kukata mkonge, na sisi tulizaliwa kwenye kambi ya shamba. Dada aliolewa mapema huko Mikumi. Mumewe alipofariki akaendelea kuuza chakula kando ya barabara kuu, kwa madereva wa malori. Mimi nilibaki shambani, nikaajiriwa chumba cha brashi, mahali ambapo nyuzi zilizokauka hupitishwa kwenye mashine ili zing'ae. Vumbi lake ni jeupe, jepesi kama unga. Tulijifunga kanga mdomoni, na jioni tulipozifungua tulikuta hata upande wa ndani umekuwa mweupe. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kisha ukaja wakati wa mashamba ya serikali kuuzwa kwa watu binafsi. Mwenye shamba mpya akapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Nilidhani nikikaa nyumbani kifua kitatulia. Badala yake kilizidi, hadi nikawa nashika ukuta kupanda ngazi tatu za kanisa.

Kilichoniuma zaidi ni kwaya. Tangu usichana nilikuwa mwimbishaji. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao sauti ya kwanza iliingia peke yake, ikashikilia noti moja ndefu kabla wengine hawajaitikia. Watu walikuja kutoka Rudewa kuusikiliza. Sasa noti ile ilinikatikia katikati, na mwalimu wa kwaya, kwa upole, akaniambia nipumzike kidogo.

Daktari alikuwa ameshapima makohozi, hakuona kifua kikuu. Siku hiyo niliyokwenda na dada alinipa kidude cha plastiki chenye mshale, akaniambia nivute pumzi yote niliyo nayo kisha nipulize kwa nguvu. Mshale ulisogea kidogo tu. Nilirudia mara tatu. Kisha, sijui ni kwa nini, labda nipate kuelewa, akampa dada naye apulize. Mshale wa dada ulikwenda karibu na mwisho.

"Mama, mapafu yako yamekutangulia kuzeeka," daktari akasema. "Huyu mwenzako ni mkubwa kwa umri, lakini kwa mapafu wewe ndiye bibi."

Nikamwuliza mapafu yanazeekaje peke yake. Akanieleza taratibu. Ndani ya mapafu kuna seli ambazo kazi yake ni ukarabati. Kila siku kuta za njia ya hewa zinachubuka kidogo, na seli hizo zinagawanyika, zinazaa nyingine za kuziba palipoharibika. Kwa kila mtu seli hizo huchoka kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo maana mzee hapumui kama kijana. Zangu zilikuwa zimeitwa kazini kila siku kwa miaka kumi na tisa. Zilipochoka, pale palipotakiwa kupona pakawa kovu, na kovu halipitishi hewa.

Miaka mingi baadaye binti wa dada, aliyesoma sayansi chuo kikuu, aliniambia, "Mama mdogo, hizo zinaitwa seli shina." Siku ile sikulijua jina hilo. Niliuliza tu, "Haziwezi kuchukuliwa kwa mtu mwingine? Kama dada anazo nyingi?"

Daktari akatabasamu, akasema labda siku moja, huko kwa wenzetu, lakini si sasa.

Dada akanishika mkono. "Ingewezekana ningekupa," akasema. "Hata leo."

Alisema kweli, nilimjua. Na kwa sababu alisema kweli, nilimchukia. Ni rahisi kumpa mtu kitu ambacho hakiwezi kutolewa. Niliuchomoa mkono wangu nikajifanya natafuta leso.

Alihamia kwangu Kimamba ili anihudumie, akamwachia binti yake mkubwa biashara. Alichota maji, akalima, akaniogesha siku nilizoshindwa kuinama. Jumapili alikwenda kanisani, na haikupita miezi miwili akawa kwenye kwaya. Kisha akapewa wimbo wangu. Nilimsikia akiujaribu uani huku akitwanga. Alitwanga na kuimba kwa wakati mmoja, na noti ile ndefu ikaenda, ikaenda, mchi haukukosa hata pigo moja. Mimi nilikuwa nimelala upande, mto chini ya kifua, nikihesabu ameshikilia kwa muda gani.

Siku hizo kila kwaya ilitaka kutoa kaseti. Zilipigwa kwenye vioski na kwenye mabasi, na kwaya yetu ikapata nafasi ya kwenda kurekodi Morogoro. Alhamisi mwalimu wa kwaya akapita nyumbani. Dada alikuwa shamba.

"Mwambie Jumamosi alfajiri gari linaondoka pale stesheni," akasema. "Asichelewe. Bila yeye wimbo ule hauimbiki."

"Nitamwambia," nikajibu.

Sikumwambia. Ijumaa asubuhi nilimwomba aende Rudewa kwa mama mmoja tuliyekuwa naye chumba cha brashi, aniletee asali ya kifua, na alale huko huko asije akachoka. Alipanda baiskeli, akaenda. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Nilisimama mlangoni nikamtazama akipotea kwenye mashamba ya mkonge yaliyoachwa, hakupumzika hata mara moja.

Gari lilimsubiri, likaondoka. Wimbo uliimbwa na msichana mwingine.

Dada alijua Jumapili, kanisani. Aliporudi alivua viatu mlangoni kama kawaida, akaketi kwenye kigoda mbele yangu.

"Uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Ukasahau?"

Angalikubali hilo. Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Lakini nilikuwa nimechoka hata kusema uongo.

"Sikusahau."

"Nimekukosea nini, mdogo wangu?"

"Unapumua," nikamwambia.

Alinipikia uji, akanipa dawa, akanitandikia. Kesho yake akafunga mzigo wake na kumwomba jirani awe ananichotea maji, kisha akapanda basi la Mikumi. Kaseti ilipotoka niliisikia kwenye kioski kila nilipokwenda kununua chumvi. Msichana yule aliimba vizuri kiasi. Pale penye noti ndefu alivuta pumzi katikati, akadhani hakuna atakayetambua.

Tulikaa mwaka mzima bila salamu. Mwishowe nilikwenda mimi. Njia ya kutoka Kilosa ilikuwa mbovu na vumbi lake lilinimaliza, nikashuka Mikumi nikiwa siwezi kuongea. Dada alikuwa kwenye banda lake, kati ya sufuria na moshi, madereva wawili wakila. Aliniona. Alileta kiti, akaleta maji, akakaa kusubiri nipate pumzi. Ilichukua muda.

"Shikamoo, dada," nikasema nilipoweza. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba." Akatazama barabarani. "Sijui kama nimeshakusamehe. Kula kwanza."

Nilikula. Madereva walipoondoka akaanza kufuta meza, na bila kunitazama akasema, "Wewe ulipoanza kuimba nilikuwa nimeshaolewa. Nilikuja mara moja kukusikiliza, nimembeba mtoto mgongoni. Watu wakaniambia, una bahati, mdogo wako ana sauti. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi ninayo."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Walipokuondoa nikapewa ule wimbo, nilifurahi. Wewe unakohoa chumbani, mimi uani nafurahi. Ndiyo maana niliondoka siku ile bila kugombana. Ningegombana na nani?"

Nilidhani wivu ule ni wangu peke yangu, kama ugonjwa ule. Kumbe aliubeba muda mrefu kuliko mimi, na hata katika hilo alikuwa amenitangulia.

Lori likasimama, watu watatu wakateremka wakiulizia wali. Dada alijifunga kanga vizuri, akanisukumia ungo wenye mchele.

"Chambua," akasema. "Hiyo haihitaji pumzi."