Saruji ya Mzee Idwal katika Ngome ya Gwernog

Saa mbili asubuhi, mvua ya Oktoba inamchapa usoni, na Gethin Prosser anagonga tindo kwenye mnara wa kaskazini. Kipande cha saruji kinabanduka. Jiwe la nyuma yake limeoza, linamomonyoka mkononi kama mkate uliolowa.

"Jiwe limestahimili miaka mia saba," anasema, "halafu saruji ya juzi inaliua."

Ngome hii ya milimani Wales ilijengwa na mtawala wa Kiwelshi, ikatekwa na Waingereza, ikachomwa moto. Kisha wanakijiji wakaanza kubeba mawe. Kanisa, mazizi, hata baa ya kijijini, vyote vimejengwa kwa mawe ya ngome hiyo hiyo. Kilichobaki ni mnara mmoja, kuta zilizovunjika na kondoo.

Maji yakipenya nyuma ya saruji hayatoki. Majira ya baridi huganda, yakavimba, yakapasua jiwe. Ndiyo maana Gethin, mwashi mwenye umri wa miaka 59, anaitoa saruji na kujaza chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka, kisha anaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi. Lakini chokaa haishiki kwenye barafu, na barafu haiko mbali. Asipomaliza, mnara hautauona mwaka mwingine.

Kinachouma zaidi ni kwamba saruji hiyo aliiweka baba yake. Mzee Idwal, 87, alifanya alivyoelekezwa enzi za ujana wake. Siku hizi hupanda kilima kwa mkongojo, akaketi mvuani kumsumbua mwanawe.

"We Gethin, unachakura ukuta kama kuku!"

"Nenda nyumbani, baba, utanyeshewa."

"Nilinyeshewa hapa kabla hujazaliwa."

Jana tindo lilifikia kiraka cha juu ya mlango. Humo, saruji ikiwa bado mbichi, Idwal aliandika kwa kidole jina lake na la mchumba wake, Eluned. Ndiye mama yake Gethin, na amefariki mwaka huu. Gethin alikiruka, akahamia upande wa pili.

"Mbona umekiruka?" mzee akauliza.

"Kile hakina shida."

"Acha uongo. Maji yanachuruzika pale. Kitoe."

Kazi hiyo ni ya kesho. Gethin anatamani kiraka kitoke kizima, akakiweke sebuleni kwa baba yake. Anajua hakitatoka hivyo. Saruji yote aliyoitoa imevunjika vipande vipande.

"Mzee naye anajua," anasema, akijifuta mvua usoni. "Ameniomba kitu kimoja tu, nisianze kugonga mpaka afike."