Mvua Aliyoichonga Kaka Yangu Mlangoni

Mvua ya Wajapani haina tope. Hilo ndilo lililonikera tangu siku ya kwanza nilipokifungua kitabu. Watu wanavuka daraja, wamejikunja chini ya kofia za majani, na mvua inawashukia kwa mistari iliyonyooka kama uzi wa fundi. Hakuna aliyeteleza, hakuna bati lililong'oka. Ukurasa unaofuata ni theluji juu ya mapaa; mwingine ni ukungu, yaani mahali ambapo mchoraji alichoka akaacha karatasi tupu. Kwetu Kindu mvua hutoka ng'ambo ya mto Lualaba ikitanguliza upepo, na huna muda hata wa kuanua nguo.

Kitabu hicho cha picha zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, kaka yangu alikiokota njiani wakati wa vita, baada ya watu wenye bunduki kupora shule moja na kutupa kila kisicholiwa. Wenzake waliokota viti vya darasani. Yeye alirudi na mvua ya ugenini kwapani, anacheka peke yake.

Baada ya wiki mbili akaubandua mlango wetu. Ulikuwa wa mbao ngumu, upana ule ule alioutaka. Mama alikuwa akitulisha kwa cherehani yake, aliyoibeba kichwani kila tulipohama. Siku hiyo alirudi kutoka mtoni akakuta tundu.

"Mulango iko wapi?"

"Njo hii, mama. Ninachonga Kindu na mvua yake," kaka yangu akasema, akiuonyesha ubao.

"Na wezi wakikuja, utawaonesha mvua?"

Kaka aliendelea kuchonga nyuma ya nyumba, na mtu akikaribia alifunika ubao kwa gunia. Nilimdharau, sitaficha. Mji umefungwa, treni haiji, tunakula sombe, majani ya mihogo, bila chumvi, na mwanamume mzima anachimba mistari kwenye mlango. Tukatundika mkeka pale penye tundu.

Alasiri moja wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba. Tulikimbilia shamba la mihogo bila kubeba kitu, na kutoka pale niliwaona. Kwa jirani waliupiga mlango mateke mpaka ukaanguka, wakatoka hata na sufuria iliyokuwa jikoni. Mbele ya kwetu mmoja aliangalia mkeka ukipepea, akamwambia mwenzake, "Hapa wenzetu walishapita." Wakaenda zao, cherehani ikabaki. Kaka yangu alijivuna mwezi mzima kwamba uchongaji wake umetuokoa. Upuuzi. Kilichotuokoa ni kukosa mlango, na kazi hiyo hata mchwa wangeiweza.

Ikafika siku ya kupiga chapa. Karatasi hakuna, mama akampa kipande cha shuka. Majirani wakaja kutazama. Akaupaka ubao masizi yaliyochanganywa na mawese, akaulaza kifudifudi juu ya shuka, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Alipoinua, masizi yalikuwa yametapakaa kila mahali, lakini mto na mji vilionekana. Alikuwa amechonga Lualaba kama unavyoiona ukitazama inakoteremkia, mtaa wa Kasuku mkono wa kushoto. Kwenye shuka, Kasuku ilikuwa imehamia kulia. Hakujua kwamba chapa hugeuza. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Yaya, hata mto imekukimbia," nikamwambia kaka yangu mbele ya watu wote, nao wakacheka pamoja nami.

Jioni ile aliurudisha mlango kwenye bawaba, upande wenye mchongo ukatazama ndani. Patasi aliyochongea akaiacha dirishani. Akaenda Kibombo kulima mpunga, na homa ikamchukua huko kabla vita havijaisha. Waliokaa naye walituambia hakuchonga tena, hata mpini wa jembe.

Mama naye ametangulia, na siku hizi mtaani kwetu Mikelenge mtu asiye na mlango wa chuma anaonekana maskini. Mwaka huu nikanunua wangu kwa mfanyabiashara wa Kasuku. Wa zamani nilitaka kumpa fundi afanyie meza, kwa hiyo niliondoa nguo zilizoning'inia juu yake miaka yote hiyo, nikausugua kwa sabuni. Masizi yakatoka.

Kasuku ilikuwa kushoto. Mto ulikuwa unateremka unakoteremka. Mvua ilitoka ng'ambo, imelala kwa upepo, wala si ile iliyonyooka ya Wajapani. Na chini kabisa, kwenye barabara yetu, kulikuwa na mwanamke amezama topeni mpaka magotini, cherehani kichwani.

Tope alikuwa ameliweka. Mimi nilicheka shuka, na ubao sikuwahi kuutazama. Niliishi nao chumba kimoja miaka yote hiyo kwa dharau yangu tu.

Fundi amekuja mara mbili kuweka mlango wa chuma, nimemrudisha. Umeegemea ukutani, unapata kutu. Patasi bado ninayo. Sina wa kumrudishia.