Vindege vya Amerika Kusini vilivyomfungua mdomo binti yangu

Wakuu, habari za mchana. Hili limetokea nyumbani kwangu, sijatia chumvi hata chembe.

Mimi ni Mtanzania, fundi cherehani hapa Yeoville, Joburg. Mke wangu Thandi ni Mzulu. Binti yetu Neema kazaliwa hapa hapa. Kiswahili nilimfundisha miaka, akawa anakielewa, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza.

Mama yangu alikuwa anaishi Morogoro, Kiingereza hajui. Kila Jumapili nikipiga video call, Neema anasema "Shikamoo Bibi," anapunga mkono, kapotea.

Mama alikuwa ananiuliza, "Huyu mtoto na mimi tutaongea lini?"

Eish. Nikawa nabadilisha mada.

Mwaka 2017 shuleni wakampa project: alinganishe ndege wavumaji wawili wa Amerika Kusini. Kwa wasiowajua, ni vindege vinavyonyonya maua huku vikielea hewani, mabawa yanavuma kama nyuki.

Akachagua wawili wa milima ya Andes. Mmoja ndiye mkubwa kuliko wavumaji wote, na mabawa yake anayapiga taratibu kuliko wenzake. Wa pili ana mdomo kama upanga, mrefu kuliko mwili wake! Anafika ndani ya maua marefu ambayo wengine hawayawezi. Ila mdomo huo haufai kujisafishia manyoya, inabidi ajikune kwa miguu.

(Nilimwangalia sana huyo ndege kwenye picha. Kile kile kinachomlisha ndicho kinachomtesa.)

Jumapili moja Neema alikuwa anawachora, mimi naongea na mama pembeni. Mama akauona mchoro.

"Huyo si ndege chozi? Hapa wamejaa kwenye maua."

Neema akainua kichwa. "No, Bibi. Siyo chozi. Chozi anakaa kwa... Baba, branch ni nini?"

"Tawi."

"Anakaa kwa tawi. Huyu anakunywa hewani. Na anaweza kuruka nyuma!"

"Kinyumenyume? Wewe mtoto unanidanganya!" Mama akacheka mpaka akakohoa.

Kiswahili cha kuungaunga, wakuu, lakini kilikuwa kinatoka. Thandi akatoka jikoni, akasimama mlangoni. Mimi nikamsogezea Neema simu.

Mama akauliza, "Sasa huyo wa mdomo mrefu, anamlishaje mwanawe bila kumchoma?"

Neema akafikiri. "Sijui, Bibi. Nitauliza."

Siku chache baadaye natoka kazini, namkuta kashika simu ya mama yake, kampigia bibi mwenyewe. Eti kumwambia kwamba hata mwalimu hajui. Waliongea mpaka data ikaisha.

Tangu hapo walikuwa wanapigiana. Mara ndege, mara mboga za bibi, mara mambo ambayo mimi nilikuwa nafukuzwa nisisikilize.

Mama ametutoka mwaka huu, 2019. Tulikwenda kuzika. Msibani mama mmoja akamuuliza Neema, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Akajibu kwa Kiswahili, machozi yanamtoka: "Mimi ni mjukuu wake. Alikuwa rafiki yangu."

Nilitoka nje, wakuu.

Nilichojifunza: nilihangaika miaka kumfundisha mtoto maneno, kumbe alihitaji jambo la kusema na mtu anayetaka kulisikia.

Wenye watoto ughaibuni, kwenu lugha ilifunguliwa na nini? Semeni, nasoma comments zote.